Kufuli la Bi Harusi

Pale Bunda, barabara ya Kisorya inapoachana na barabara kubwa ya Mwanza na Musoma, kulikuwa na benchi lisilo na mbao hata moja. Lilikuwa kipande cha chesisi ya lori lililofia hapo enzi za magendo. Watu walikilaza juu ya mawe mawili, wakakisugua kwa makalio mpaka kikang'aa kuliko sufuria za Wegesa. Wegesa ndiye aliyekuwa na jiko la mkaa, birika la kahawa na ulimi. Mwaka ulikuwa themanini na sita. Sukari ilikuwa imeanza kuonekana dukani bila mtu kujuana na mtu, marobota ya mitumba yalikuwa yanashuka kila wiki, na mwanamume aliyevaa shati moja tangu vita vya Kagera sasa alikuwa anachagua kola. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha mpaka udongo mweusi ukawa uji. Na katikati ya uji huo, mbele kabisa ya benchi, pikapu ya Dafroza ilikuwa imekaa kitako, marobota mgongoni, ekseli haionekani.

Pikapu hiyo iliitwa Bi Harusi, kwa sababu haikuwahi kuondoka mahali pagumu bila kubembelezwa na ukoo mzima. Dereva wake, Werema, aliitwa Foro, yaani nne ya Kiingereza. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalitangaza mwenyewe, na aliyemwita Werema hakupewa lifti.

Foro alikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na yote mawili yalikuwa ya Bi Harusi. La kwanza ni kigia kidogo kilichosimama kando ya gia kubwa. Ukikivuta, alisema, magurudumu yote manne yanafanya kazi, ya nyuma yanasukuma na ya mbele yanavuta. Ushahidi alikuwa nao. Kila gari liliponasa alikivuta, abiria wakashuka wakasukuma, gari likatoka. Halikuwahi kukataa. Mtu anataka ushahidi gani zaidi ya huo?

La pili lilikuwa kufuli. Katikati ya kila gurudumu la mbele palikuwa na kifuniko cha chuma cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE upande mmoja na LOCK upande mwingine. Miaka ile ya dhiki tairi lilikuwa mali kuliko ng'ombe wa maziwa, na watu waliamka asubuhi wakakuta magari yao yamesimama juu ya mawe. Bi Harusi hakuguswa hata siku moja. Jioni Foro alizungusha LOCK, tairi zikafungwa. Asubuhi akazungusha FREE, tairi zikawa huru kwenda kazini. Habari hiyo aliieneza kutoka Bunda mpaka Kibara, kila kituo, kila mnada, kila kilabu.

Leo kigia amekivuta, lakini abiria hakuna. Kuna marobota, na marobota hayashukagi kusukuma.

Dafroza alikuwa amesimama pembeni akiangalia dereva wake anavyoungurumisha injini. Tairi za nyuma zilikuwa zimemrushia tope kuanzia kilemba mpaka ndala. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Foro.

— Naenda kumwita dereva mwenzako Clementi na kamba yake, alisema. Nikirudi hii gari iko hapo ilipo, funguo utampa yeye. Na sio za leo. Za moja kwa moja.

Akaondoka anachagua pa kukanyaga. Foro alikuja akakaa mwisho wa benchi, suruali imelowa mpaka magotini, akaomba kikombe. Alikunywa taratibu kama mtu mwenye mambo yote mkononi. Moyoni alikuwa anajiona amerudi kuwa utingo, anafunga turubai la gari la Clementi.

— Kigia umevuta? aliuliza Boniphace, ambaye watu walimwita Waya kwa kuwa alitengeneza redio, na zilizomshinda alizigeuza stuli.

— Nimevuta.

— Mpaka mwisho?

— Mpaka kikataka kutoka na mkono.

— Kimeandikwaje kile?

Foro alikuwa anakijua kwa moyo. — Mbili-H. Nne-H. N. Halafu Nne-L.

— Aa, bwana, hapo pameeleweka. Waya aliweka kikombe chini, maana jambo lilihitaji mikono miwili. — H ni haraka. Mbili-H, haraka mbili. Nne-H, haraka nne. N ni ngoja. Sasa wewe umeweka wapi?

— Nne-L.

— L ni lala! Umezilalisha tairi zote nne! Angalia zilivyolala!

Wote waliangalia. Kweli zilikuwa zimelala.

— Nilianza na Nne-H, alisema Foro. Ni yale yale. Za nyuma zinachimba kisima, za mbele zimetulia kama wageni rasmi.

— Hapo sasa mmefika kwangu, alisema Stanislausi.

Huyu walimwita Mgao. Alikuwa karani wa duka la ugawaji, na siku hizi kila muuza genge ana sukari yake, lakini Mgao bado alitembea na kalamu mbili mfukoni endapo serikali ingebadili mawazo.

— Injini iko wapi? aliuliza.

— Mbele.

— Na nguvu inakwenda wapi kwanza?

— Nyuma.

— Mmeona? Sukari ilikuwaga inashuka ghalani pale, na wanaoishi ukutani kwa ghala ndio walikuwa wanakunywa chai kavu. Inawapita puani inakwenda kwa wenye kibali. Tairi za mbele ziko ukutani kwa ghala. Hazina kibali. Ndiyo maana hazipati.

— Kibali zinapata wapi? Foro aliuliza, na akashangaa kujikuta anauliza kwa dhati.

— Hapo ndipo lazima kuwe na mtu wa kuidhinisha. Kuna mahali kwenye hii gari pa kuidhinisha. Tafuta.

— Acheni habari za ofisini, alidakia Masatu. Gari ni mtumbwi tu.

Masatu, jina la benchi Kasia, alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Rukuba. Alikuwa anasubiri hiyo hiyo Bi Harusi imfikishe Kisorya, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na njaa ya safari ndani yake.

— Mtumbwi ukiulemeza nyuma, pua inanyanyuka. Pua ikinyanyuka, wa mbele anapiga kasia hewani. Hamisheni marobota yakae juu ya boneti.

— Na mimi nitaona wapi njia?

— Mimi nitakaa juu ya marobota, nitakwambia kushoto, kulia.

— Hilo tatizo ni la umeme, alisema Waya, ambaye hakupenda nafasi yake ichukuliwe na mvuvi. Redio bila waya wa ardhini inakoroma tu. Hizi tairi za nyuma zinakoroma. Tukitoa waya kwenye betri, tukaufunga tairi la mbele la kushoto…

— Utaniunguza pikapu.

— Kidogo tu.

— Hamjaniacha nimalize, alisema Kasia, na sasa alishusha sauti. Nyie watu wa nchi kavu mnamjua kamongo?

— Samaki yule wa tope.

— Samaki yule wa tope. Kiangazi anajichimbia, anajifunga matope kama blanketi, analala miezi. Hali, hanywi. Mvua ikinyesha anaamka. Sasa usiku huu mvua imefanya nini?

Kasia alinyooshea kidole lile tope.

— Imenyesha. Kamongo ameamka ana njaa ya tangu mwezi wa sita. Kitu cha kwanza kinachoshuka mdomoni ni tairi. Na kamongo akiuma haachi. Rukuba kuna mtu aliumwa kwenye jembe, alilima na kamongo msimu mzima.

— Na huyo kamongo wako alikujaje hapa? aliuliza Wegesa, huku anapuliza mkaa. Alishukia stendi?

— Wewe cheka. Mimi nasema dereva asikanyage mafuta kwa fujo. Ukimvuta kwa hasira anang'ata zaidi. Ukienda pole pole anadhani ni mawimbi, anaachia.

Foro alicheka na wenzake, lakini macho yake yalikwenda kwenye tairi la mbele la kushoto, na yakakaa huko. Aliingia kwenye tope na panga, akainama. Kamongo hakuwepo, au alikuwa amejificha vizuri. Kilichokuwepo ni kile kifuniko cha chuma, kimechafuka, alama iko kwenye FREE kama inavyotakiwa mchana.

— Kile cha mviringo ni nini? Kasia alipaza sauti kutoka benchini.

Foro alinyooka. Hata ukiwa umezama mpaka kwenye ekseli, kuna maswali yanayomrudishia mtu heshima.

— Ile ni kufuli, mzee wangu. Wazungu wa mradi walioiacha hii gari waliona mbali. Usiku LOCK, mwizi anazungusha spana mpaka jogoo anawika, tairi halitoki. Asubuhi FREE. Hata huko Rukuba mngekuwa nayo msingekuwa mnaibiana injini.

— Mbona nyuma hakuna?

— Nyuma panalindwa na uzito.

Wegesa aligonga birika na kijiko. Ndivyo alivyofanyaga akitaka kusema jambo ambalo mtu hatalipenda.

— Foro. Juzi asubuhi ulichelewa kuamka.

— Nilikuwa na homa.

— Ulikuwa na homa ya chupa. Fundi wa pancha alikuja kabla yako, Mama mwenye gari alimtuma. Tairi la kushoto lilikuwa limelala bila upepo, na wewe ulikuwa umelifunga LOCK.

— Sasa alifanyaje?

— Alilivua. Hapa hapa, mbele yangu. Akafungua nati, tairi likatoka, akaliziba, akalirudisha, akanywa vikombe viwili, akaenda zake.

— Haiwezekani. Na kufuli?

— Kufuli lilibaki kwenye gari. Tairi lilitoka, kufuli likabaki linaniangalia.

Lori la pamba lilipita kwenye barabara kubwa, na watu walilisindikiza kwa macho mpaka likapotea, ili mradi mtu asimwangalie mwenzake.

— Sasa kama halifungi tairi, Mgao aliuliza polepole, linafunga nini?

Foro alisimama kwenye tope, mkono juu ya kile kifuniko, akahisi kitu kinakuja kutoka mbali, kama mtu anayekumbuka jina la shemeji. Siku moja, kiangazi kilichopita, alisahau kuzungusha FREE. Na kigia, kwa sababu ya kuonyesha watu, alikuwa amekiacha Nne-H. Alipoingia kwenye sakafu ya saruji ya ghala la pamba, pale ng'ambo ya barabara, na kukata kona, usukani ulikuwa mgumu kama anageuza fahali asiyetaka mnada. Tairi za mbele zilikuwa zinalia, gari linarukaruka. Akadhani kuna kitu kimevunjika. Akarudi nyuma kidogo, akafungua FREE, gari likapona, na akaapa hatatembea tena na kufuli limefungwa.

Tairi za mbele zilikuwa zinalia. Maana yake zilikuwa zinafanya kitu. Katika maisha yake yote na Bi Harusi, siku moja tu tairi za mbele zilifanya kitu, na siku hiyo zilikuwa LOCK.

— Jamani, alisema, na sauti yake ilikuwa imenenepa tena. Mnadhani mimi sikulijua hili? Nilikuwa nawapima tu.

— Kulijua nini?

— Mgao amegusa. Hapa ndipo pa kuidhinisha.

Akazungusha. Kifuniko kilikataa, kikafikiri, kikalia kle! na alama ikakaa kwenye LOCK. Foro akapanda, akawasha, akahakikisha kigia kiko Nne-L, akaachia klachi. Bi Harusi akatetemeka, za nyuma zikachimba, za mbele zikabaki wageni rasmi.

— Umekilisha tope kiatu changu! alipiga kelele Waya. Kibali chenyewe cha kughushi!

Lakini Mgao alikuwa amesimama wima, kalamu zote mbili zinang'aa. Huenda hakuwahi kusimama hivyo tangu duka lifungwe.

— Foro! Umeidhinisha upande mmoja! Kushoto umempa, kulia hujampa! Unaijua foleni ikiona hivyo inafanyaje? Nguvu yote itakimbilia kule ambako hakuna kufuli ikapotee bure. Pande zote mbili, bwana, au usigawe kabisa!

Upande wa kulia ulikuwa umezama. Foro alivua shati, akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye uji mweusi mpaka begani. Alipapasa jiwe, akapapasa nati, akapapasa kitu laini kilichomfanya amkumbuke Kasia na kamongo wake, akataka kuutoa mkono. Akamwona moyoni Clementi ameshika usukani wa Bi Harusi. Akauacha mkono humo humo. Akakipata kifuniko. Akakizungusha kwa vidole visivyoona, mpaka kikalia huko chini ya tope kama mtu anayevunja mfupa.

— Magunia! aliagiza.

Sasa benchi zima lilikuwa kwenye tope. Mgao alichota uji mbele ya tairi kwa sahani ya Wegesa, Waya alitandaza magunia, Kasia alisimama pembeni akitoa amri za majini. Foro alipanda tena. Kawaida yake ilikuwa kukanyaga mafuta mpaka chini. Safari hii aliweka gia ya kwanza, akakanyaga kidogo, kidogo mno, kama anapita chumba alicholala mama mkwe. Asingekubali mbele ya mtu yeyote, lakini hakutaka kumwamsha kamongo.

Tairi la mbele la kushoto liligeuka. Kisha la kulia. Yaligeuka taratibu, yakameza gunia, yakalitema nyuma, yakauma udongo. Bi Harusi akainua pua. Akasogea kama mwanamke mnene anayeinuka kwenye mkeka, anaguna, anasimama, anajipangusa. Hakuna aliyesukuma. Hakuna mkono hata mmoja uliogusa bodi. Akatoka mwenyewe, marobota yote mgongoni, akapanda mpaka kwenye sakafu ya ghala.

Watu wa stendi walipiga makofi. Foro akataka kuzunguka sakafu yote ili waliochelewa nao waone. Akakata kona, usukani ukawa ule fahali wa kiangazi, tairi zikaanza kulia. Lakini leo hakuapa. Akasimama. Akajaribu kurudisha kigia, kikagoma. Akarudi nyuma kidogo bila kukata usukani, kigia kikaachia, kikakaa Mbili-H. Akashuka, akazungusha FREE kushoto, akazunguka mbele, akazungusha FREE kulia, kwa madaha, kama padri anayefunga ibada.

— Sikilizeni niwafundishe, alisema. Nne ni za tope. Unasimama, unafunga pande zote mbili, unakwenda pole pole. Ukifika kwenye ardhi ngumu, unarudisha mbili. Ukikaidi, gari linajinyonga lenyewe. Hivi ndivyo nimefanyaga miaka yote.

— Miaka yote tulisukuma sisi, alisema Wegesa.

Hapo ndipo Dafroza alipofika, na nyuma yake Clementi anaendesha pikapu yake, kamba begani. Pikapu ya Clementi ilikuwa na rangi safi na honi ya nyimbo, ila tairi zake zilikuwa zimekwisha, nyuzi zinachungulia kama mbavu za mbwa.

Dafroza aliangalia shimo la tope. Akaangalia sakafu ya ghala.

— Nani wamesukuma?

— Hakuna, Mama.

— Foro, usinitanie.

— Bi Harusi ametembea mwenyewe. Waulize.

— Ni kweli kabisa! Kasia alishindwa kujizuia. Aliona safari ya Kisorya hii hapa, na furaha ilimpanda mdomoni. — Kumbe zile kufuli sio kufuli! Hazifungi tairi! Mtu yeyote ana spana anavua tu, fundi wa pancha alivua juzi! Miaka yote hii watu wameogopa bure!

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi ulio mbali. Mama wa mihogo aligeuka. Wapiga debe wawili waligeuka. Vijana wa kupakia pamba, waliokuwa wamelala juu ya magunia, walikaa.

Habari ilimwingia Foro taratibu, na ilimwingia yote. Wezi wa Bunda hawakushindwa na kufuli. Walishindwa na maneno yake. Alikuwa amezilinda tairi nne kwa mdomo mtupu, na mdomo wa mvuvi umezifungua zote mchana kweupe.

Clementi alizunguka Bi Harusi polepole. Akapiga tairi la mbele teke dogo la adabu. Akainama, akaingiza kidole gumba kwenye meno ya mpira, kikazama. Akageuka akaziangalia tairi za kwake. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia ya kanisani:

— Hivi, hizi ni saizi gani?

Foro alikuwa anaijua saizi. Waya alikuwa anaijua. Mgao aliwahi kuiandikia kibali. Kasia, ambaye hakuijua, aliangalia miguu yake iliyojaa tope.

— Niwamiminie kahawa tusubirie jibu? alisema Clementi, na akanyoosha mkono kwenye birika.

Wegesa alilivuta upande wake. Lilikuwa zito bado, mkono wake uliinama kwa uzito.

— Kahawa imeisha, alisema.

Dafroza alipanda Bi Harusi, akafunga mlango, akateremsha kioo.

— Foro, funguo baki nazo, alisema. Tukirudi kutoka Kisorya nitakupa na blanketi, utakuwa unalala humu humu.